Kilimanjaro masika, kipupwe, vuli na kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu wa Afrika Mashariki anayepanga kupanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa mara ya kwanza au ya pili na anataka kujua mambo yenyewe: mwezi gani, siku ngapi, avae nini, na afanye nini kichwa kikianza kuuma.

Nipande mwezi gani?

Vipindi vya ukavu ni viwili: Januari hadi katikati ya Machi, na katikati ya Juni hadi Oktoba. Vyote vinafaa ila havifanani. Januari na Februari ni kiangazi. Baridi ya usiku haina ukali sana, asubuhi anga huwa safi, na mara nyingi theluji ya vuli bado imebaki kwenye ukingo wa kreta. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Msituni mawingu hulala hadi mchana, lakini ukishavuka mita 3,000 hivi unatokea juu yake. Kuanzia hapo adui si mvua tena, ni baridi. Alfajiri kileleni hufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na upepo ukivuma mwili unahisi zaidi ya hapo. Julai na Agosti wageni wa Ulaya na Marekani wako likizo, kwa hiyo kambi hujaa. Septemba ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye uhuru wa kuchagua: kukavu, watu wamepungua, kasoro yake ni vumbi tu. Beba kitambaa cha kufunika pua.

Angalia pia mwezi wa angani. Usiku wa kilele ukiangukia siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu, mwezi unachomoza usiku ukiwa bado mkubwa na unakumulikia njia hadi kunakucha. Mwezi mpevu wenyewe huvuta watu wengi mno.

Masika mlima unafungwa?

Haufungwi, uko wazi mwaka mzima. Swali la kujiuliza ni kama utakauka. Mteremko wa kusini, zilipo njia za Machame, Umbwe na Mweka, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, na ndiyo maana anayelazimika kupanda Aprili au Novemba huelekezwa Rongai, njia inayoanzia karibu na mpaka wa Kenya.

Kinachoharibu safari za masika mara nyingi hutokea siku ya kwanza. Mtu analowa msituni akiwa na joto la kutembea, haoni tatizo. Anafika kambini, jua hakuna, hewa imejaa unyevu, na zile nguo hazikauki tena mpaka arudi Moshi. Kwa hiyo begi la kulalia, koti la baridi, soksi na nguo za usiku wa kilele vikae ndani ya mifuko mizito isiyopitisha maji, kila kimoja na mfuko wake, tangu getini. Koti la mvua pekee halitoshi, unahitaji na suruali ya mvua. Ukisimama kupumzika, vaa kabla hujasikia baridi.

Mvua ya chini ni theluji ya juu. Kuanzia mita 4,500 hivi njia inaweza kufunikwa, na kiongozi asiyejua vizuri kipande cha kutoka kambi ya Barafu hadi Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, atapoteza muda gizani. Kwa anayepanda mara ya kwanza, jibu letu ni moja: ahirisha hadi Juni.

Na safari za Desemba 9 je?

Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge juu ya Kibo, na kila mwaka Watanzania wengi hupanda kuadhimisha siku hiyo, hasa kupitia kampeni ya Twenzetu Kileleni. Ni jambo zuri sana, na kwa wengi ndiyo nafasi yao ya kwanza. Ila kumbuka ni vuli. Jiandae kwa mvua chini na theluji juu hata kama Dar es Salaam kuna jua kali. Ukipewa ratiba ya siku tano, uliza kama ya siku sita ipo. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Ni siku ngapi zinatosha?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo watu wanalolipitia haraka kwa sababu kila siku ya ziada ni pesa. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, pale unapolala pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Sasa itazame njia ya Marangu ya siku tano: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, 3,720, wa tatu kibanda cha Kibo, 4,720, kisha usiku huohuo unaondoka kwenda kilele cha Uhuru, 5,895. Umeongeza mita 1,000 kila siku, yaani mara mbili ya kanuni, halafu unaudai mwili ufanye kazi kwenye hewa yenye nusu tu ya oksijeni ya Tanga au Mombasa.

Siku ya sita inarekebisha sehemu ya tatizo. Unalala Horombo usiku mmoja zaidi, na mchana unapanda hadi Mawe ya Pundamilia, kwenye mita 4,000 hivi, unakaa kidogo na kurudi. Machame inasaidia kwa umbo lake: siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana pale, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Lakini hata Machame ichukue siku saba, si sita. Ile ya saba ni ya kulala Karanga badala ya kuunganisha Barranco na Barafu kwa siku moja, siku ambayo usiku wake ndio wa kilele. Lemosho ni saba au nane, na ya nane inaleta tofauti kubwa.

Kama una pesa ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye safari yako, ongeza siku. Wanaoshindwa kufika wakiwa na miguu yenye nguvu ni wengi kuliko unavyodhani, na mara nyingi ni vijana wa mazoezi waliokwenda mbio siku mbili za mwanzo.

Njia ipi inafaa?

Marangu ndiyo pekee yenye vibanda, na wakati wa mvua kitanda kikavu ni cha thamani. Ubaya wake ni kupanda na kushuka njia ileile. Machame ina mandhari na ina watu. Lemosho inaanzia magharibi, ni ndefu na ya taratibu. Rongai ni kavu na haina miteremko mikali. Umbwe ni fupi na imesimama, iache kwa wazoefu. Western Breach, inayoingia kreta kutoka magharibi, ina hatari ya mawe: barafu inayoyashikilia ikiyeyuka, yanaporomoka. Januari 2006 yaliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Hatuoni sababu ya mtu wa mara ya kwanza kupita huko.

Naweza kupanda peke yangu?

Hapana. Kila mpandaji lazima awe na kiongozi aliyesajiliwa na hifadhi, hata kama ni mzaliwa wa Marangu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya chini sana kuliko wageni, ila lazima uthibitishe uraia, hivyo beba kitambulisho halisi. Usitegemee picha kwenye simu.

Nguo nikanunue wapi bila kufilisika?

Mitumba. Soko la Memorial pale Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi: humo mna makoti ya mlimani ya hali nzuri kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Unachotakiwa ni kujua kukagua.

Koti la mvua, ligeuze nje ndani. Kwenye mishono kuna utepe mwembamba uliogandishwa. Ukiona umeanza kubanduka au ndani panamenyeka kama ngozi iliyoungua na jua, liache. Mwagia matone ya maji juu: yakibaki duara na kuteleza, kitambaa bado kiko sawa. Koti la manyoya ya bata, likunje ngumini kisha uliachie. Likifura lenyewe ni zima. Likibaki na mabonge ni dalili lilifuliwa vibaya na halitakupa joto. Fungua na ufunge zipu yote mara tatu.

Buti za mitumba ndizo za kuogopa. Soli za buti nyingi za mlimani huoza kwa ndani zikikaa miaka mingi hata bila kuvaliwa. Ikunje soli kwa nguvu na uangalie kati ya soli na ngozi. Ukiona nyufa ndogo au unga unaopukutika, soli hiyo itabanduka mlimani. Saizi iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ukiwa na soksi nene, la sivyo kwenye mteremko wa Mweka kucha za vidole vikubwa zitageuka nyeusi. Na zivae angalau mwezi mzima kabla, kazini na sokoni.

Mpangilio wa usiku wa kilele: juu, fulana ya kubana isiyo ya pamba, sweta la fleece moja au mawili, koti la manyoya, kisha koti la kuzuia upepo. Chini, suruali ya kubana, suruali ya fleece, suruali ya mvua. Boshori inayofunika masikio, glavu nyembamba ndani na nje glavu nene zisizotenganisha vidole. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji mwilini na kukunyonya joto. Begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Hili unaweza kukodi Moshi, ila lifungue dukani, likague zipu na ulinuse: lenye harufu ya uvundo halikukaushwa.

Theluji inahitaji viatu maalumu?

Watu wanaoishi Canada, Minnesota au Norway huuliza kuhusu vile viatu vipana vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asizame. Huko vina maana, kwenye theluji laini ya kina inayokaa miezi na ardhi isiyosimama sana. Kibo havifai: njia imesimama, kuna mawe chini, na theluji huanguka, hushika usiku na kuyeyuka ndani ya siku chache. Kinachosaidia ni vyuma vyenye meno mafupi vinavyovutwa na mpira juu ya buti, hasa kwenye ukingo kati ya Stella Point na Uhuru alfajiri, theluji ikiwa imegeuka barafu ngumu. Ongeza kitambaa cha kufunika kuanzia buti hadi chini ya goti. Bila hicho theluji inaingia kwa juu, inayeyuka ndani ya kiatu na vidole vinakufa ganzi. Kipindi cha ukavu kitambaa hichohicho kinazuia changarawe.

Miwani ya jua si urembo. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa ya miale ya jua machoni, na macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, yakitoa machozi kama yamejaa mchanga. Ngozi nyeusi nayo huungua juu kule. Paka mafuta ya kujikinga puani, midomoni na chini ya kidevu.

Nitajuaje kama nina ugonjwa wa mwinuko?

Kichwa kinauma, kisha kinaongezeka kimoja au zaidi kati ya haya: kichefuchefu, chakula hakipiti, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Ukiwa navyo, usipande zaidi siku hiyo. Pumzika, kunywa maji, meza dawa ya maumivu. Vikiisha, endelea, vikizidi, shuka. Mwambie kiongozi ukweli. Kuficha ndiko kunakoua.

Hali mbili ni za dharura. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anaongea ovyo, anachelewa kujibu, anayumba. Mpime kwa kumtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine, hatua kumi. Akishindwa, asilale hapo. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa tu, kikohozi kinazidi, midomo inabadilika rangi, baadaye makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Zote mbili tiba yake ni kushuka mara moja, usiku huohuo, na apewe oksijeni ikiwepo. Dawa na mitungi ni za kumwezesha kushuka, si za kumbakiza juu.

Mambo mawili yanawahusu sana watu wa kwetu na hayasemwi vya kutosha. Moja ni malaria. Mtu ametoka pwani wiki iliyopita, sasa yuko Horombo na kichwa kinauma, mwili umechoka, anatapika. Kipima joto kikionyesha homa, usikimbilie kusema ni mwinuko. Ashuke na apimwe. Pili ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi chochote, aongee na daktari kwanza, kwa sababu kwenye mwinuko mkubwa bandama inaweza kukosa damu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni dalili ya kushuka. Kama hujawahi kupima, pima kabla ya kulipia safari.

Diamox inasaidia?

Ndiyo, ni dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko haraka. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuonana na daktari. Vidole vitawashawasha, utakojoa mara nyingi, na soda itapoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze daktari kwanza. Haichukui nafasi ya siku ya ziada.

Maji na chakula vikoje?

Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku. Kambi ya Barafu haina maji, yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Kibanda cha Kibo nacho hakina, yanatoka chini ya pale. Kwa hiyo usimwage maji kuogea huko juu, kuna mtu ameyapandisha kichwani.

Kwenye kibanda cha Kibo maji yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi, na ndiyo sababu maharage hayaivi na wali unabaki na kiini. Maji ya kunywa yaache yachemke dakika tatu kamili. Hamu ya kula hupotea. Uji mwepesi, supu na chai ya tangawizi hupita pale ambapo nyama haipiti. Usiku wa kilele weka chupa juu chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, na mdomo ukiwa chini utabaki wazi. Mrija wa mfuko wa maji huganda ndani ya saa moja. Ukiwa nao, ukishakunywa puliza maji yarudi ndani.

Usiku wa kilele unakwendaje?

Unaamshwa saa nne au saa tano usiku, unapewa chai na biskuti, unaondoka kabla ya saa sita. Changarawe iliyoganda inashika mguu. Mchana ileile inateleza, unapanda hatua mbili na kurudi moja. Mwendo ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Usisimame zaidi ya dakika tano, maana jasho hupoa na baridi inaingia. Ukingo wa kreta, pale Gilman's au Stella, unaufikia karibu na mapambazuko, kisha Uhuru ni saa moja au mbili zaidi. Piga picha, kaa robo saa, shuka.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Kutoka kileleni hadi kambi ya Mweka ni takribani mita 2,800 za mteremko siku moja, juu ya miguu iliyotembea usiku kucha. Fimbo mbili za kutembelea zinapunguza mzigo wa magoti, na ajali nyingi za vifundo hutokea hapa, si kwenye kupanda.

Wapagazi wanatakiwa kubeba kiasi gani?

Kilo 20, zikipimwa getini. Mzigo wako usizidi kilo 15. Wagumu, kama wanavyoitwa mlimani, wanalala kwenye baridi ileile unayolala wewe. Kabla ya kulipa kampuni, uliza: wanalala kwenye hema lipi, wanakula mara ngapi, wanalipwa kiasi gani kwa siku? Anayejibu kwa kuzungukazunguka, mwache. Bakshishi itoe mkononi kwa kila mmoja, mbele ya wote, jumla ikiwa imetajwa wazi.

Nianzie wapi kujipima?

Matembezi ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi yatakuonyesha buti zako zikoje. Baada ya hapo nenda Meru, mita 4,562, ndani ya Hifadhi ya Arusha: siku tatu au nne, ukiongozana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na ukingo wa kilele usiku ni mwembamba kuliko chochote utakachokutana nacho Marangu. Walio Kenya wana Lenana, mita 4,985, kwenye Mlima Kenya. Njia ya Sirimon ni kavu kuliko ya Naro Moru. Nyumbani, panda ngazi za jengo refu na begi la kilo nane mgongoni, na zishuke pia kwa miguu, usitumie lifti.

Kitu gani kimekatazwa?

Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi. Moto wa kuni ni marufuku kabisa. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu, na kule mimea inarudi polepole sana. Karatasi za chooni rudi nazo.

Simu itashika?

Sehemu nyingi, ndiyo, na Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa Horombo. Tatizo ni betri, baridi huizima ikiwa bado ina chaji. Lala nayo ndani ya begi la kulalia pamoja na betri za akiba za tochi ya kichwani, na usiku wa kilele iweke mfuko wa ndani kabisa, karibu na kifua.